Mbuzi Ndani ya Gunia

Mnunuzi wa mbuzi afikapo mnadani hafanyi haraka. Humtazama mnyama mwendo wake, humfunua kinywa akahesabu meno, humpapasa mbavu na mgongo, kisha huuliza ametoka boma la nani. Hayo yote huyafanya mbele ya mwenye mbuzi, wala mwenye mbuzi hachukii, kwa sababu naye siku ya kununua hufanya vivyo hivyo. Mtu aliyelipa fedha zake bila kutazama wala kuuliza, kisha akabaki akijuta, husemwa kwamba ameuziwa mbuzi ndani ya gunia. Msemo huu ni mfupi, lakini jambo linenwalo nao lina historia ndefu. Nataka tuifuate historia hiyo pamoja, msomaji, katika biashara moja ambayo gunia lake ni gumu kulifungua: biashara ya vitu vya kukusanywa.

Katika kila nchi wako watu wapendao kukusanya vitu. Mmoja hukusanya stempu, wa pili sarafu za kale, wa tatu picha za wachoraji, wa nne vinyago, wa tano vitabu vyenye sahihi za waandishi wake. Mapenzi hayo si upuuzi, maana mkusanyaji mwema ni mhifadhi wa historia. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache katika mchanga wa kisiwa kilicho kaskazini mwa nchi ile. Baadaye ilitambulikana kwamba sarafu 5 kati ya hizo zilikuwa za masultani wa Kilwa, mji wa kale wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Shaba ile ukiipima kwa mizani haifiki thamani ya mlo mmoja. Lakini kwa kuwa ilijulikana iliokotwa wapi na nani, imewafanya wanahistoria wajiulize mpaka leo jinsi ilivyovuka bahari kuu. Kama ingaliuzwa kimya kimya bila habari zake, swali lile lisingalizaliwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii. Gunia la mahindi lina thamani kwa sababu tumbo lina njaa. Stempu ya nadra haimshibishi mtu. Thamani yake imo katika habari zake: ni ya mwaka gani, ilitengenezwa na nani, zimebaki ngapi duniani, na imepita katika mikono ya nani. Basi mtu awezaye kughushi habari amekwisha kughushi mali. Tena, kitu hicho kikipelekwa mnadani, mnunuzi hushikwa na joto la ushindani akapoteza utulivu wake. Na mnada ukifanywa kwa njia ya intaneti, mnunuzi huwa mbali, akapoteza nafasi ya kugusa na kutazama kwa macho yake. Habari za uongo, ushindani wa uongo, na umbali: hizo tatu ndizo kamba zinazolifunga gunia. Tuzitazame moja moja.

Tuanze na habari za uongo. Alikuwako Ujerumani mtu aliyeitwa Carl Wilhelm Becker, aliyezaliwa mwaka 1772 na kufariki mwaka 1830. Alikuwa mtu wa elimu, mwenye mikono ya ufundi, tena aliyekaribishwa katika nyumba za wakubwa. Wakati ule matajiri wengi wa Ulaya walizipenda mno sarafu za Wayunani na Warumi wa kale, na Becker aliijua tamaa yao. Alichonga mihuri ya chuma ya kupigia sarafu, mmoja baada ya mwingine, akapiga sarafu zilizofanana na zile za kale kwa namna ya kuwashangaza hata wajuzi. Ila alikuwa na taabu moja. Sarafu iliyopigwa jana hung'aa, nayo sarafu iliyopita katika mikono ya watu kwa mamia ya miaka huwa imesagika na kufifia. Inasimuliwa kwamba alitengeneza sanduku, akalitia vumbi la chuma na mafuta pamoja na sarafu zake, akalifunga katika gari lake la farasi, kisha akazunguka nalo katika barabara mbovu. Mtikisiko wa gari ukazisugua sarafu hata zikaonekana kuukuu. Safari hizo aliziita kuwapeleka wazee wake matembezini.

Fikiri juu ya jambo hili, msomaji. Mbele ya mnunuzi Becker hakulazimika kunena maneno mengi, kwa kuwa michubuko ya sarafu ilinena kwa niaba yake. Mnunuzi aliona uchakavu, akajiambia mwenyewe kwamba kitu hiki ni cha kale. Kumbe dalili ya ukale si ukale. Kinachoweza kutengenezwa na wakati kwa miaka 1,000 chaweza pia kuigwa na sanduku na barabara mbovu kwa siku chache.

Miaka 10 baada ya kufa kwa Becker, yaani mwaka 1840, Uingereza ilitoa stempu ya kwanza ya kubandikwa juu ya barua. Haikupita miaka mingi watu wakaanza kukusanya stempu, na walaghai nao hawakuchelewa. Aliyewapita wengi kwa ufundi ni Jean de Sperati, aliyezaliwa Italia mwaka 1884 na kuishi Ufaransa. Sperati alichukua stempu za kale zisizo na thamani kubwa, akazifuta rangi kwa dawa, akabaki na karatasi halisi ya zamani zile. Juu ya karatasi hiyo alichapa stempu ya nadra. Kwa hiyo karatasi ilikuwa ya kweli, na pengine hata alama ya posta iliyopigwa juu yake ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa cha uongo ni picha peke yake.

Mwaka 1942, katikati ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, maofisa wa forodha wa Ufaransa waliikamata barua yake iliyokuwa ikienda Ureno, wakakuta ndani yake stempu za nadra. Sperati akashtakiwa kwa kutoa mali ya thamani nje ya nchi kinyume cha sheria. Akajitetea kwamba zile si mali ya thamani hata kidogo, ni karatasi alizozitengeneza kwa mikono yake. Mtaalamu akaitwa azichunguze, akasema kwamba stempu hizo ni halisi. Basi ikawa ajabu ambayo mahakama haioni kila siku: mshtakiwa anashika kwa nguvu kwamba ameghushi, na mjuzi anamkatalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chama cha wapenzi wa stempu cha Uingereza kiliona heri kumnunulia Sperati akiba yake yote pamoja na vyombo vyake vya kazi, ili aache. Alifariki mwaka 1957. Kisa chake chatufundisha kwamba jicho la mjuzi mmoja, hata akiwa mwaminifu, halitoshi.

Labda utasema, kama jicho halitoshi, basi na tudai hati. Wengine walifikiri hivyo, na walaghai wakawaletea hati. Katika miaka ya 1990 kundi la watu wenye makao yao kusini mwa California, Marekani, walighushi sahihi za wachezaji mashuhuri juu ya mipira, magongo na picha, wakaziuza pamoja na hati nzuri za kuthibitisha kwamba sahihi ni za kweli. Hati hizo nazo zilikuwa za uongo. Ujasiri wao ulipita kiasi hata wakauza mipira ya besiboli iliyodaiwa kutiwa sahihi na Mama Teresa wa Calcutta, mtawa aliyejulikana kwa kuwauguza maskini. Mwezi wa Oktoba 1999 makachero wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliyavamia maficho yao. Tazama jinsi tamaa inavyofunika akili. Mtu aliyetafakari kwa dakika moja angejiuliza mtawa yule wa India alipata wapi mipira ya besiboli, na kwa nini aitie sahihi. Lakini waliokwisha kutamani hawakuuliza. Walisoma hati wakatosheka. Hati ni maneno tu, na maneno huwa na nguvu za yule ayasemaye. Ikiwa aliyeandika hati ni yule yule auzaye, umeuliza swali lako kwa mtu mmoja mara mbili.

Sasa tuishike kamba ya pili, yaani ushindani wa mnadani. Mnada ni wa kale sana. Mwaka 193 askari walinzi wa Roma walimwua mfalme wao Pertinax, kisha wakautia ufalme mnadani wampe atakayewaahidi fedha nyingi zaidi. Tajiri mmoja, Didius Julianus, akashinda. Alitawala siku 66 tu, naye akauawa wakati majeshi ya Septimius Severus yalipoukaribia mji. Julianus hakudanganywa katika bei, bali katika haki: alinunua kitu kutoka kwa watu wasiokuwa na haki ya kukiuza. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia tutakapofika kwetu pwani.

Nguvu ya mnada ni kwamba bei haitajwi na muuzaji. Hutajwa na wanunuzi wenyewe wakishindana. Kila mmoja hujiambia: ikiwa yule yuko tayari kutoa 100, hapana shaka kitu hiki kina thamani ya 110. Basi mlaghai hujiuliza, je, nikimpandikiza mtu wangu katikati ya wanunuzi, awe akipandisha bei bila nia ya kununua? Hila hii ni kuukuu. Mwaka 1776 huko Uingereza mtu mmoja alimpeleka farasi wake kwa Christie, dalali wa mnada mjini London, akamwamuru asimwuze chini ya pauni 15. Farasi akauzwa kwa bei iliyo chini zaidi, mwenyewe akaenda kushtaki. Ilidaiwa kwamba dalali angaliweza kumweka mtu wa kutaja bei kwa siri kwa ajili ya mwenye farasi. Jaji Lord Mansfield alikataa. Alisema kwamba mwenye mali anayetaka bei isishuke na aitangaze wazi. Lakini kutaja bei kwa siri juu ya mali yake mwenyewe ni kuwadanganya wote waliohudhuria. Baadaye sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 juu ya uuzaji wa bidhaa iliandika jambo hilo waziwazi, na sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa ikafuata mfano wake. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba kupandisha bei kwa vibaraka ni ujanja wa biashara. Ni udanganyifu, na ulitambuliwa kuwa hivyo zamani sana kabla ya kompyuta.

Kamba ya tatu ni umbali. Mwezi wa Septemba 1995, huko California, Pierre Omidyar alianzisha mnada katika intaneti, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la eBay. Husimuliwa kwamba miongoni mwa vitu vya kwanza kuuzwa ilikuwamo kalamu ya kuonyeshea kwa mwali wa leza, iliyokwisha kuharibika, ikapata dola 14.83. Omidyar akamwandikia mnunuzi kumwuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu. Akajibiwa kwamba ndiyo, kwa kuwa yeye hukusanya kalamu za leza zilizoharibika. Kisa hiki ni kidogo lakini kina nuru ndani yake. Muuzaji alitaja kasoro, akauliza tena, na mnunuzi akajibu. Biashara ya mbali haikosi kuwa njema ikiwa pande zote mbili husema kweli.

Omidyar aliamini kwamba watu wengi ni wema, na mwaka 1996 aliweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupimana kwa sifa: aliyetenda vyema aandikiwe sifa njema, aliyetenda vibaya alalamikiwe mbele ya wote. Huu ni mfano wa soko la kijiji, ambako kila mtu humjua mwenzake. Ila kuna tofauti moja kubwa. Kijijini mtu ana uso mmoja na jina moja, akichafua jina lake hana lingine. Katika intaneti mtu mmoja aweza kujipa majina 10, likichafuka moja akavaa jingine, na hata majina hayo yakasifiana yenyewe kwa yenyewe.

Hayo yalidhihirika mwezi wa Mei mwaka 2000. Mwanasheria mmoja wa California, Kenneth Walton, aliinadi picha moja kubwa ya rangi katika eBay, akianzia bei ya senti 25 za dola. Katika maelezo yake alijifanya mwenye nyumba wa kawaida asiyejua lolote juu ya sanaa. Alisimulia habari za mke asiyeitaka picha ile nyumbani, na za mtoto aliyeitoboa kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Hakusema kwamba picha imechorwa na mtu mashuhuri. Lakini katika mojawapo ya picha alizoonyesha zilionekana herufi R na D pamoja na tarakimu 52. Wajuzi wa sanaa walipoziona, mioyo iliwadunda. Walidhani ni kazi ya Richard Diebenkorn, mchoraji mkubwa wa California aliyefariki mwaka 1993, ya mwaka 1952, iliyoangukia mikononi mwa mjinga asiyejua thamani yake.

Bei ikapanda, ikapanda tena, mpaka mnunuzi mmoja wa Uholanzi akashinda kwa dola 135,805. Habari zikaenea magazetini, na waandishi walipochunguza, gunia likafunguka. Walton hakuwa na mke wala mtoto. Zile herufi alikuwa amezichora mwenyewe. Tena, mmoja wa waliokuwa wakipandisha bei alikuwa yeye mwenyewe kwa jina lingine. Mnada ukabatilishwa. Wapelelezi waligundua kwamba yeye na wenzake wawili walikuwa wamejipa majina zaidi ya 40 na kupandishiana bei katika mamia ya minada tangu mwaka 1998. Mwaka 2001 Walton na mwenzake mmoja walikiri makosa. Wa tatu alitoroka, akakamatwa, na mwaka 2004 akahukumiwa kifungo cha karibu miaka 4. Walton aliuacha uwakili, na mwaka 2006 akachapisha kitabu cha kusimulia makosa yake.

Tukikitazama kisa hiki vizuri, twaziona kamba zote tatu zimefungwa pamoja. Habari zilikuwa za uongo kama michubuko ya sarafu za Becker. Ushindani ulikuwa wa uongo, kinyume cha hukumu ya Lord Mansfield. Na umbali uliwazuia wanunuzi wasiusogelee ubao wa picha na kuzikagua herufi zile. Lakini liko jambo la nne, nalo ndilo lenye uchungu. Walton hakumwambia mtu kwamba picha ni ya Diebenkorn. Wanunuzi walijiambia wenyewe. Kila mmoja alitumaini kuinunua mali ya maelfu kutoka kwa mtu aliyemdhani mjinga. Aliyefikiri kwamba anamwibia mjinga ndiye aliyeibiwa. Tamaa ya kupata cha mwenzako kwa bei ya uonevu ni mlango usio na kufuli, na mlaghai hupita hapo hapo.

Usifikiri, msomaji, kwamba mnunuzi ndiye wa pekee anayehatarishwa. Muuzaji naye huwindwa. Pengine umesikia uvumi kwamba sarafu kuukuu iliyosahaulika kabatini mwa nyanya inatafutwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Mtu huitangaza, na mara hutokea mnunuzi mwenye maneno matamu, akubaliye bei yoyote bila kubishana. Lakini kabla ya kulipa, husema, tuma kwanza ada ya usajili, au kodi, au gharama ya hati. Muuzaji hutuma kidogo kwa kutumaini kingi, kisha hudaiwa tena na tena, na mwisho mnunuzi hutoweka. Hila hii ilienea nchini India hata mwezi wa Agosti 2021 Benki Kuu ya nchi hiyo ikawaonya wananchi kwamba walaghai walikuwa wakitumia jina na nembo yake kuwatoza watu ada, kamisheni na kodi kwa kisingizio cha biashara ya noti na sarafu kuukuu. Kanuni yake ni nyepesi kuikumbuka: katika biashara ya haki mnunuzi ndiye alipaye. Muuzaji akidaiwa alipe kwanza ndipo anunuliwe, hapo hapana mnunuzi.

Hata sasa tumesema juu ya watu waliopoteza fedha. Lakini fedha hutafutwa zikapatikana tena. Kuna hasara iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo imetupata hapa kwetu. Miongoni mwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, mzee aliyekuwa mwanachama wa gohu anapofariki huchongewa kigango, yaani nguzo ya mti iliyonakshiwa, kwa heshima yake. Kigango si pambo. Ni makao ya kumbukumbu ya marehemu, na desturi haikubali king'olewe mahali kiliposimamishwa. Lakini tangu miaka ya 1970 watalii na wafanya biashara walianza kuvitamani vigango kama vitu vya sanaa, na palipo mnunuzi asiyeuliza hapakosi mwizi. Vigango viliibwa usiku, vikauzwa, vikapelekwa ng'ambo, na mamia yake yakaishia katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani.

Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, alimpiga picha mzee mmoja amesimama kando ya vigango viwili alivyovisimamisha kwa ajili ya ndugu zake waliofariki. Aliporudi kumletea mzee picha yake, alikuta vigango vimekwisha kuibwa. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1999 Udvardy alihudhuria mkutano wa wataalamu huko Marekani, akaona picha ya kigango kilichokuwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, akakitambua kuwa ni kimojawapo cha vile viwili. Cha pili kilionekana baadaye katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimboni Virginia. Ile picha ya mwaka 1985 ikawa shahidi asiyekanushika. Mwaka 2007 vigango vyote viwili vilirudishwa kwa jamaa yake pwani. Mzee mwenyewe hakuwahi kuviona vikirudi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufariki.

Vigango vile havikuwa vya kughushi. Vilikuwa halisi kabisa, na mtaalamu yeyote angaliapa kwamba ni halisi. Hata hivyo kila aliyevinunua aliuziwa mbuzi ndani ya gunia, kwa sababu alinunua, kama Julianus wa Roma, kutoka kwa mtu asiyekuwa na haki ya kuuza. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi wa taifa hairuhusu vitu vya kale vitolewe nchini bila kibali. Na ndiyo maana swali la kwanza la mkusanyaji mwema si bei gani, bali kimetoka kwa nani.

Kutokana na historia hii yote twaweza kuokota kanuni chache za kutulinda. Kwanza, uliza nasaba ya kitu: kilitoka wapi, nani alikuwa nacho, na kuna barua, risiti au picha gani ya kuonyesha hayo. Muuzaji asiyetaka kuulizwa amekwisha kukujibu. Pili, usitosheke na dalili moja. Uchakavu huigwa, karatasi ya kale hutumiwa tena, hati huchapwa. Tafuta mtu wa pili na wa tatu asiye na faida katika mauzo hayo. Tatu, mchunguze muuzaji kama unavyokichunguza kitu: ameuza nini zamani, sifa zake zimeandikwa na watu wa namna gani, na je, wale wapandishao bei katika minada yake ni wale wale siku zote? Nne, kabla mnada haujaanza, andika katika karatasi bei ya mwisho utakayotoa, na usiivuke, hata kama mshindani wako amekukasirisha. Pengine mshindani huyo ni kivuli cha muuzaji.

Tano, usikubali kutolewa nje ya njia ya malipo iliyowekwa na mnada. Anayekuambia mlipane kando, upesi, kwa siri, ili ukwepe ada, anakutoa nje ya ua ulio na walinzi. Sita, ukiwa wewe ndiwe muuzaji, usikabidhi kitu kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu usemao kwamba fedha zimetumwa. Ujumbe huandikwa na yeyote. Tazama salio lako mwenyewe, uhakikishe fedha zimeingia, ndipo ukabidhi. Nayo ya saba ndiyo nguzo ya zote: ukiuza, taja kasoro ya kitu chako kabla hujaulizwa, kama alivyofanya yule mwenye kalamu mbovu. Ukiacha kufanya hivyo, utakuwa umejiandikisha katika orodha ya akina Becker, hata kama kosa lako ni la shilingi 50.

Mwalimu wa historia huulizwa mara nyingi, habari za wafu zina faida gani kwa walio hai? Jibu moja ni hili. Vyombo hubadilika, lakini hila hazibadiliki sana. Gari la farasi la Becker limekuwa kamera iliyopigwa katika mwanga hafifu. Kibaraka wa mnadani amekuwa jina la uongo katika kompyuta. Mwizi wa usiku amekuwa muuzaji mwenye picha nzuri na nasaba isiyojulikana. Ajuaye hila za zamani huzitambua zijapo na mavazi mapya. Nao mlango wazipitiao ni ule ule: tamaa iliyo na haraka, na aibu ya kuuliza. Basi usione haya, msomaji. Uliza mara moja, uliza tena, na usipojibiwa ondoka. Kuuliza si ujinga.